Kupanga picha ya ukutani ya vitambaa: giza na mwanga, rangi, unamu na mpangilio

Picha nyingi za vitambaa huharibika kabla sindano haijatungwa uzi. Kanga inakatwa kwa sababu inapendeza, kitenge kinawekwa kando yake kwa sababu nacho kinapendeza, na vikishaunganishwa hakuna kinachoonekana, maana kila kitambaa kinataka kitazamwe chenyewe. Mwongozo huu unahusu zaidi kazi inayoutangulia mkasi. Tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi kutundika: mikoko wakati wa maji kupwa, picha yenye upana wa sm 90 na kimo cha sm 60, na ndani yake mwanamke mmoja anaokota chaza. Ukitaka picha ya paa za mabati au ya soko, hesabu ni zilezile.

Hatua ya 1: Kukusanya na kufua

Usianze kwa kununua. Picha nzima ina eneo la sm² 5,400, na kanga moja (leso, kwa watu wa Mombasa) yenye sm 110 kwa 150 ina sm² 16,500. Yaani kanga moja ni zaidi ya mara tatu ya kazi yote. Vipande vilivyobaki sakafuni kwa fundi cherehani vinatosha, na vina faida ya kuja kwa rangi nyingi. Tafuta hivi:

- merikani isiyopaushwa, vipande viwili vya sm 100 kwa 70, kimoja cha msingi na kimoja cha bitana ya nyuma
- blanketi jepesi kuukuu la kipimo hichohicho, la kuwekwa katikati
- vipande 15 hadi 20 vya pamba vya rangi na michoro mbalimbali, vikiwemo kaniki na angalau viwili visivyo na mchoro wowote
- gunia la katani, si lile la plastiki, sm 95 kwa 35
- kamba nyembamba ya mkonge, unene wa mm 2 au 3, mita 4
- uzi wa kushonea wa kijivu, na uzi wa darizi wa rangi tano au sita

Sentimita za ziada kwenye merikani si ubadhirifu. Mishono ikiwa mingi hukivuta kitambaa, na picha ya ukubwa huu hupungua sm 2 au 3 kila upande. Aliyekata msingi wa sm 90 kwa 60 kamili hulazimika kukata ukingo wa picha yake mwishoni.

Fua kila kitu peke yake. Kanga na kitenge vipya vimejaa wanga unaovifanya viwe vikavu na ving'ae, na pamba hurudi, yaani hupungua, inapokutana na maji kwa mara ya kwanza. Irudi kwenye beseni, isirudi ukutani. Kisha pima kama rangi inachuja: lowesha kipande cha sm 5, kilaze juu ya kitambaa cheupe, piga pasi ya moto mpaka kikauke. Cheupe kikishika rangi, fua tena, na upime tena. Nyekundu na nyeusi ndizo za kushukiwa kwanza. Wengi huloweka kwenye chumvi au siki wakiamini zinafunga rangi. Kwa pamba iliyokwisha kutiwa rangi kiwandani, hazisaidii. Kinachosaidia ni kufua mpaka maji yatoke meupe. Kitambaa kinachoendelea kuchuja baada ya kufuliwa mara tano, kiache.

Mitumba ina mtihani wake. Chomoa nyuzi chache uziwashe: pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Poliesta si haramu, lakini pasi ya pamba itaiyeyusha, kwa hiyo itie alama.

Geuza pia kila kitambaa utazame mgongo wake. Kitenge cha nta halisi kina rangi sawasawa pande zote mbili. Kilichochapwa upande mmoja, pamoja na kanga nyingi, kina mgongo uliofifia. Mgongo huo ni kitambaa cha pili usichokilipia: mchoro uleule, kwa mwanga zaidi. Kwa maji ya mbali na miti ya mbali, huwezi kupata bora.

Hatua ya 2: Giza na mwanga, bila rangi kabisa

Hapa ndipo picha inapopona au kufa. Jicho hutambua umbo kwa tofauti ya giza na mwanga kabla halijajali rangi. Mwanamke mwekundu mbele ya mikoko ya kijani hatumwoni ikiwa wekundu na ukijani vimekoza sawa, hata kama rangi hizo zinapingana.

Chora michoro midogo minne ya sm 9 kwa 6 kwa penseli. Tumia ngazi tatu tu: karatasi tupu ni mwanga, mistari iliyolala ni kati, penseli iliyokandamizwa ni giza. Usichore majani wala nyuso. Kila mchoro ugawe ngazi hizo kivingine: mmoja giza likae kushoto, mwingine lizunguke kama fremu, mwingine mwanga uwe ukanda mmoja mwembamba. Iweke yote minne mezani, rudi nyuma hatua tatu, ufinye macho. Mmoja utasomeka na mitatu itakuwa matope.

Kwa mikoko yetu mgao unaofaa ni huu: kati asilimia 50 (tope na maji ya karibu), mwanga asilimia 30 (anga na maji ya mbali), giza asilimia 20 (kundi la miti). Kwa sentimita za mraba ni takriban 2,700, 1,620 na 1,080. Usigawe theluthi sawasawa. Ngazi zikilingana zinashindana, na mtazamaji hajui aanzie wapi.

Sasa vitambaa. Vitandaze karibu na dirisha kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Taa ya ukutani hudanganya, hasa kwa samawati na zambarau. Vipange kwa mafungu matano, kutoka cheusi hadi cheupe, kwa kukisia. Kisha vipige picha kwa simu na uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Utashangaa. Manjano uliyoiweka kati itakuwa karibu nyeupe, na nyekundu iliyoonekana inawaka itazama gizani kando ya kijani. Rekebisha mafungu kwa kufuata simu, si macho. Kitenge chenye weusi na weupe mchanganyiko hakina fungu: kitakuwa kati ukikitazama kwa mbali na vurugu ukikitazama kwa karibu. Kitie kwenye fungu la akiba.

Hatua ya 3: Rangi

Chagua jamii moja itakayotawala, moja ya kuisaidia, na rangi moja tu ya kushtua. Hapa inatawala jamii ya tope: hudhurungi, kijivu, rangi ya udongo. Inasaidiwa na kijani kilichokoza pamoja na samawati iliyopauka. Ya kushtua ni nyekundu ya kanga ya yule mwanamke.

Nyekundu hiyo ikatwe kwenye kisutu, kanga ya harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mchoro wa kisutu ni wa vipande vidogovidogo vinavyojirudia, kwa hiyo bado unasomeka kuwa kanga hata ukikatwa mdogo. Umbo la nguo yake ni sm 6 kwa 4, yaani sm² 24. Tanga la ngalawa ya mbali lina kipande kingine cha sm² 6. Jumla haifiki hata asilimia 1 ya picha, na inatosha. Lakini nyekundu ikikaa mahali pamoja tu huonekana kama doa la bahati mbaya. Ndiyo maana tanga linapewa kidogo, na mishono michache ya uzi mwekundu inapitishwa majini karibu na miguu ya mwanamke, kama kivuli chake. Mahali patatu, ukubwa tofauti.

Rangi haikai peke yake. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa kusimamia utiaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, na miongoni mwa malalamiko aliyoyakuta ni kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa dhaifu, hazina weusi wa kutosha. Alizilinganisha na nyeusi za kwingine akakuta rangi haina kasoro. Tatizo lilikuwa jirani: nyeusi iliyofumwa kando ya buluu na zambarau ilipokonywa nguvu yake. Kwa hiyo usichague kitambaa mkononi. Kiweke juu ya jirani yake halisi. Kijivu kilekile kando ya nyekundu kitaelekea ukijani, na kando ya kijani kitaelekea wekundu. Ukitaka kisutu kiwake, kisiwekwe juu ya hudhurungi yenye wekundu. Chini yake weka tope la kijivu kinachoelekea kijani, nawe hutahitaji nyekundu kali zaidi.

Umbali nao hupangwa kwa rangi. Kinachokaa mbali kififie, kielekee samawati, na tofauti yake ya giza na mwanga iwe ndogo. Cha karibu kikoze na kiwe na udongo zaidi. Kosa la kawaida ni kuipa miti ya mbali kijani kizuri kuliko vyote kwa sababu kitambaa kilikuwapo.

Kuhusu michoro ya vitambaa: kata dirisha la sm 8 kwa 8 katikati ya kadi ngumu, ulitembeze juu ya kitenge. Unachokiona dirishani ndicho kitakachobaki ukikata. Ua la sm 30 likikatwa huwa ukanda wa rangi usiotambulika, na pengine ndicho unachotaka: sehemu za maua makubwa ya kitenge hufanya majani mazuri ya mikoko kuliko kitambaa kilichochorwa majani. Changanya ukubwa wa michoro, mmoja mkubwa, miwili ya kati, kadhaa midogo, na uache angalau robo ya picha bila mchoro wowote. Kwetu robo hiyo ni anga na maji. Jicho linahitaji pa kupumzikia.

Neno kuhusu jina la kanga. Ukiacha maandishi yaonekane, mtu anayejua Kiswahili atayasoma kabla hajaona mkoko hata mmoja, kisha ataitazama picha nzima kama maelezo ya msemo huo. Ikiwa ndilo kusudi lako, jina liwe zima na lisomeke. Ikiwa silo, likate kabisa. Nusu ya jina ni mbaya kuliko yote, kwa sababu watu watajaribu kulikamilisha, na wanavyokamilisha wao huenda usivipende. Pindo ni salama zaidi. Vipande vyake vyembamba vinafaa kwa mistari ya mawimbi.

Hatua ya 4: Unamu

Unamu ni jinsi uso wa kitambaa unavyohisika mkononi na unavyoonekana kuhisika kwa macho: unakwaruza, unateleza, una nundu, una manyoya. Kwenye picha ya vitambaa unamu ni silaha ambayo mchoraji wa karatasi hana, na ndiyo sababu hutumiwa kupita kiasi. Ukwaruzaji huonekana tu ukikaa kando ya kilicho laini. Gunia kila mahali ni gunia tu.

Tope letu ni gunia. Maji ni merikani laini na vipande vichache vya satini. Kumbuka satini hubadilika kadiri unavyoigeuza: ukiilaza kwa urefu wa nyuzi zake inang'aa, ukiizungusha robo mzunguko inaingia giza. Mahameli nayo ni hivyohivyo. Kata vipande vitatu kutoka satini ileile, uvielekeze tofauti, una maji ya aina tatu. Ukivielekeza tofauti bila kukusudia, una viraka.

Mizizi inahitaji uangalifu wa mtu aliyewahi kuiangalia. Mkoko wenyewe una mizizi inayopinda kama matao kutoka shinani hadi topeni. Mchu, aina nyingine ya mti wa mikokoni, hauna matao. Huchomoza vidole vinyoofu kutoka kwenye tope, mamia yake. Kwa mkoko laza kamba ya mkonge juu ya kitambaa na uifunge kwa uzi mwembamba wa rangi hiyohiyo, fundo moja kila sm 1, na kila nusu sentimita kwenye kona. Mkonge mkavu hukataa kupinda, basi uloweke maji ya vuguvugu dakika kumi kwanza. Kwa vidole vya mchu, mishono mifupi ya wima ya uzi wa darizi, nyuzi tatu kati ya sita za uzi huo, urefu kati ya mm 5 na 15, ikisongamana karibu na mti na kutawanyika kadiri inavyokuja mbele.

Gunia lina matatizo matatu. Linafumuka, kwa hiyo likate kubwa kwa sm 2 kila upande na upige mshono wa zigizaga ukingoni mara moja. Linapitisha rangi ya kilicho chini yake, kwa hiyo chini yake weka kitambaa cha hudhurungi, si merikani nyeupe. Na linageuka rangi na kukatika likipigwa na jua miaka mingi; kazi ya kuuzwa ghali afadhali upate pamba nene iliyofumwa kwa uwazi.

Kabla ya kuamua unamu, jua picha itatundikwa wapi. Mwanga wa dirisha unaotoka ubavuni huamsha kila nundu. Taa iliyo mbele moja kwa moja huzilaza zote, na kazi yako ya mkonge itaonekana kama mistari iliyochorwa.

Hatua ya 5: Mpangilio na mchoro mkubwa

Chora picha safi ya sm 15 kwa 10 na uigawe miraba ya sm 1. Kwenye karatasi kubwa (gazeti lililounganishwa linatosha) chora miraba ya sm 6. Hamisha mraba kwa mraba, utapata sm 90 kwa 60 bila mashine yoyote.

Mstari wa upeo, pale maji yanapokutana na anga, uwe sm 44 kutoka chini, kamwe si 30. Ukingo wa tope usiwe mlalo mnyoofu. Uanze sm 26 juu upande wa kushoto na ushuke hadi sm 12 upande wa kulia. Hivyo anga, maji na tope havilingani popote. Kundi la mikoko likae kushoto, upana wa sm 38, kimo cha kama sm 28, na baadhi ya matawi yavuke upeo; giza lisiloungana na anga huonekana kama kichuguu. Mwanamke asimame sm 60 kutoka kushoto, miguu sm 16 kutoka chini, pale tope linapokutana na maji, kimo chake sm 9. Ngalawa iwe sm 80 kutoka kushoto, kwenye upeo, omo (sehemu yake ya mbele) ikielekea ndani ya picha. Ikielekea nje, itaondoka na macho ya mtazamaji.

Nafasi kati ya matao ya mizizi zisilingane: sm 4, 7, 3, 11. Mkono hupenda kulinganisha wenyewe, kwa hiyo pima. Na mstari wowote wa mshazari usiishie kwenye pembe ya picha.

Bandika vipande kwa pini juu ya blanketi lililotundikwa wima ukutani, vikiwa vimekatwa ovyo na vikubwa kuliko vinavyotakiwa. Mezani hutaona kitu, maana unaitazama kwa mshazari. Rudi nyuma mita 3. Piga picha ya nyeusi na nyeupe uilinganishe na mchoro wa penseli. Geuza simu juu chini: kama upande mmoja unaonekana mzito unaanguka, ni kweli mzito. Iache usiku kucha. Asubuhi jicho litaenda moja kwa moja kwenye kosa.

Hatua ya 6: Kukata na kushona

Ipe kila sehemu ya mchoro mkubwa namba, kutoka nyuma kuja mbele: anga 1, maji 2, ngalawa 3, miti 4, tope 5, mizizi 6, mwanamke 7. Kipande cha nyuma kiingie chini ya cha mbele kwa sm 2. Kipande cha mbele kiongezewe mm 6 za kukunjia ndani. Nyuzi za mtande (zinazofuata urefu wa kitambaa) za vipande vikubwa zisimame wima kama za msingi. Kitambaa kilichokatwa mshazari hunyumbuka, na picha ikishatundikwa wiki mbili huanza kuvimba tumbo.

Kitambaa cheupe juu ya cheusi hupenywa. Nyuma yake weka merikani au kitambaa cha gundi cha kukazia kola, kilichokatwa mm 2 ndani ya umbo ili kisichungulie.

Piga bandi (mishono mirefu ya muda) kila kipande kwenye msingi, kisha shona kingo kwa mkono, sindano namba 8 au 9. Kwa cherehani, sindano namba 12 kwa pamba na 16 penye gunia. Darizi na mizizi huja baadaye, tabaka zote tatu (picha, blanketi, bitana) zikiwa zimeungwa kwa bandi kila sm 10. Anza katikati uende pembeni. Ukianza pembeni, kitambaa cha ziada hukimbilia katikati na kufanya makunyanzi yasiyoondoka hata kwa pasi ya mvuke. Mishono ya maji iwe milalo, mirefu na mifupi ikichanganyika. Anga ipate mishono pia, japo michache, kwa sababu sehemu iliyoshonwa sana kando ya isiyoshonwa kabisa hufanya picha iyumbe ukingoni kama sikio la tembo.

Piga pasi kwa nyuma, juu ya taulo, usizilaze nundu. Sasa pima, kata hadi sm 90 kwa 60, na uzungushe ukanda wa sm 6 uliokunjwa mara mbili. Kaniki inafaa kwa ukanda. Rangi ya kushtua haifai. Ukingo mwekundu utammeza yule mwanamke.

Kutundika

Shona nyuma, juu, mfuko wa kupitishia fimbo wenye upana wa sm 8 na urefu wa sm 86, kwa mkono, bila sindano kutokea mbele. Fimbo iwe ya mti uliokauka au mwanzi, sm 89. Chuma kwenye hewa ya bahari hushika kutu, na kutu hupita kwenye pamba. Kuta za mawe na chokaa, kama za Lamu na Mji Mkongwe, hutoa unyevu na chumvi: acha nafasi kwa vipande viwili vya mbao vya sm 2 nyuma ya fimbo ili upepo upite. Jua la moja kwa moja lisiiguse. Katika picha hii kisutu ndicho kitakachopauka kwanza.